Namba 4,294,967,295: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu namba moja tu. Mwanafunzi hukutana nayo kwenye maswali ya vigawo, mwandika programu hukutana nayo hesabu zinapoharibika, na mwenye fleshi hupambana nayo bila kujua pale filamu inapokataa kuingia. Ili tusiirudierudie, tutaiita N. Maswali yamepewa namba, na jibu linalotegemea jambo lililokwisha kuelezwa litakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Inasomwaje kwa Kiswahili?

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na tano. Anayehesabu kwa laki atasema "laki tisa, elfu sitini na saba" pale katikati, na wote wawili wako sawa.

Ina tarakimu 10, na kuikosea wakati wa kunakili ni rahisi. Jumlisha tarakimu zake: 4 + 2 + 9 + 4 + 9 + 6 + 7 + 2 + 9 + 5 = 57. Jumla ikitoka tofauti, umekosea. Ikitoka 57 bado inawezekana umebadilishana nafasi za tarakimu mbili, hivyo malizia kwa kuzidisha 65,536 × 65,536 na kutoa 1. Kikokotoo cha shuleni chenye nafasi za tarakimu 10 kinaitosha hesabu hiyo barabara.

2. Kwa nini namba hii na si nyingine?

Kwa sababu ni 2³² − 1. Anza na 1, iongeze maradufu mara 32, utafika 4,294,967,296, toa 1.

Karibu kila jambo lililo hapa chini linatokana na mawili haya. La kwanza, N iko moja pungufu ya zao la 2 tupu (kwa "zao la 2 tupu" tunamaanisha 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, yaani 2 zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe). La pili, kipeo chake, 32, nacho ni zao la 2 tupu. Hili la pili ndilo husahaulika, na ndilo lenye uzito. Ukishusha kipeo kwa moja tu unapata 2³¹ − 1, ambayo ni tasa na haina kigawo hata kimoja cha kuokota njiani (swali la 10).

3. Je, ni namba tasa?

Hapana. Ni witiri, inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake, 57, inagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9. Basi N inagawanyika kwa 3 mara moja tu.

4. Vigawo vyake tasa ni vipi, na navipataje kwa mkono?

N = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Njia fupi ni tofauti ya miraba miwili, ile ya a² − b² = (a + b)(a − b), ikirudiwa mpaka iishe:

2³² − 1 = (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ − 1) = 65,537 × 65,535
65,535 = 2¹⁶ − 1 = (2⁸ + 1)(2⁸ − 1) = 257 × 255
255 = 2⁸ − 1 = (2⁴ + 1)(2⁴ − 1) = 17 × 15
15 = 5 × 3

Hapa ndipo 32 inapolipa: inagawanyika nusu kwa nusu mara tano bila kubaki, na kila nusu inaangusha kigawo kimoja.

Njia ndefu ni kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine. N ÷ 3 = 1,431,655,765. Hiyo ÷ 5 = 286,331,153. Hiyo ÷ 17 = 16,843,009. Hiyo ÷ 257 = 65,537. Wengi hukwama kwa kurudi kwenye N nzima kila wanapojaribu kigawo kipya. Ukifanya hivyo itabidi upite namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha N, nazo ni 6,542. Lakini ukiendelea na kile kilichobaki baada ya kila mgawanyo, ukimaliza 257 umebakiwa na 65,537, ambayo kipeuo chake cha pili kinazidi 256 kwa chembe ndogo tu. Namba tasa zote za chini ya hapo umeshazipita, kwa hiyo 65,537 yenyewe ni tasa. Umejaribu namba 55 badala ya 6,542.

5. Kuna kipimo cha haraka cha 17?

Kipo: ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, kisha itoe kwenye kilichobaki. Rudia. Ukifika 0 au kigawe cha 17 unachokijua, namba yako inagawanyika kwa 17.

4294967295 → 429496729 − 25 = 429496704
→ 42949670 − 20 = 42949650
→ 4294965 − 0 = 4294965
→ 429496 − 25 = 429471
→ 42947 − 5 = 42942
→ 4294 − 10 = 4284
→ 428 − 20 = 408
→ 40 − 40 = 0

Kipimo hiki kinasema ndiyo au hapana tu. Namba zinazotokea njiani si majibu ya mgawanyo na wala si baki, hivyo usizichukue kuendelea na hesabu nyingine. Kwa 257 na 65,537 usihangaike na vipimo vya namna hii. Gawanya moja kwa moja.

6. Nimepewa 65,537 peke yake. Nitathibitishaje haraka kwamba ni tasa?

Namba zenye umbo la 2 kwa kipeo fulani, kujumlisha 1, ambapo kipeo hicho ni 1 au zao la 2 tupu, huitwa namba za Fermat: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha 4,294,967,297. Vigawo tasa vya 65,537, kama vingekuwepo vidogo kuliko yenyewe, vingelazimika kuwa na umbo la 64k + 1. Chini ya kipeuo chake cha pili ziko tatu tu: 65, 129 na 193. Ya kwanza ni 5 × 13, ya pili ni 3 × 43, zote si tasa. Inabaki 193. Na 193 × 339 = 65,427, baki 110. Basi imekwisha: mgawanyo mmoja.

257 haihitaji ujanja wowote. Jaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13.

## Vigawo vyote, jumla zake na KKS (kigawo kikubwa cha shirika)

7. N ina vigawo vingapi kwa jumla?

32. Kila kigawo tasa kinatokea mara moja, kwa hiyo kila kimoja kati ya vitano unaweza kukichukua au kukiacha: 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Hivi hapa, vikiwa jozi ambazo zao lake ni N:

1 na 4,294,967,295
3 na 1,431,655,765
5 na 858,993,459
15 na 286,331,153
17 na 252,645,135
51 na 84,215,045
85 na 50,529,027
255 na 16,843,009
257 na 16,711,935
771 na 5,570,645
1,285 na 3,342,387
3,855 na 1,114,129
4,369 na 983,055
13,107 na 327,685
21,845 na 196,611
65,535 na 65,537

Wanaotumia programu za kompyuta wataitambua 16,843,009: kwa mfumo wa tarakimu 0 na 1 ni moja ikifuatiwa na sifuri saba, kisha moja tena, na hivyo hivyo hadi moja nne. Nayo 1,431,655,765 ni 0 na 1 zikipokezana mwanzo hadi mwisho.

8. Jumla ya vigawo vyake ni ngapi? Je, ni namba kamilifu?

Ongeza 1 kwenye kila kigawo tasa, kisha zidisha: 4 × 6 × 18 × 258 × 65,538 = 7,304,603,328. Njia hii ya mkato inafaa tu pale ambapo hakuna kigawo tasa kinachojirudia. Kwa 12, kwa mfano, itakudanganya.

Ukitoa N yenyewe inabaki 3,009,636,033, ndogo kuliko N. Namba kamilifu hulingana na jumla hiyo, kwa hiyo N si kamilifu, ni pungufu. Watu huuliza hili kwa sababu namba kamilifu nyingi zinatajwa pamoja na 2ᵖ − 1. Uhusiano upo, ila unataka 2ᵖ − 1 iwe tasa, na hapa si tasa.

9. KKS ya N na namba nyingine naipataje bila kuchambua namba hiyo nyingine?

Kama namba nyingine si ya umbo maalumu, jaribu tu vigawo vitano vya N juu yake na uzidishe vinavyoingia. KKS ya N na 1,000,000 ni 5, kwa sababu milioni haina kigawo tasa kingine zaidi ya 2 na 5. KDS (kigawe kidogo cha shirika) inafuata hapo hapo: zidisha namba mbili, gawanya kwa KKS.

Kama namba nyingine nayo ni 2 kwa kipeo fulani, kutoa 1, huhitaji hata kugawanya. Tafuta KKS ya vipeo. Kwa N na 1,048,575, ambayo ni 2²⁰ − 1, vipeo ni 32 na 20, KKS yake 4. Basi KKS ya namba zenyewe ni 2⁴ − 1 = 15. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuitumia kanuni hii kwa 2ᵃ + 1. Haifanyi kazi huko.

## Majirani zake

10. Namba zinazoizunguka zikoje?

Hapa ndipo N inapopendeza kuliko mahali pengine popote, kwa maoni yetu. Namba nne zinazofuatana, kila moja na tabia yake:

4,294,967,294 = 2 × 2,147,483,647, vigawo 4
4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, vigawo 32
4,294,967,296 = 2³², vigawo 33
4,294,967,297 = 641 × 6,700,417, vigawo 4

Ile 2,147,483,647 ni 2³¹ − 1. Leonhard Euler alionyesha mwaka 1772 kwamba ni tasa. Namba tasa iliyo karibu zaidi chini ya N ni 4,294,967,291. Juu yake ni 4,294,967,311.

11. Fermat alikosea wapi kuhusu 4,294,967,297?

Mwaka 1640 Pierre de Fermat alidhani kwamba namba zote za umbo lililoelezwa kwenye swali la 6 ni tasa. Tano za kwanza ni kweli. Ya sita, yaani N + 2, ilimwangusha: mwaka 1732 Euler alitoa kigawo 641.

Euler hakuotea. Alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiwe na umbo la 64k + 1. Ukipita 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuacha zile zisizo tasa, 641 ni ya tano kujaribiwa. Baadaye iligundulika kwamba hata 128k + 1 inatosha, na hapo orodha ni 129, 257, 385, 513, 641, ambamo tasa ni mbili tu.

Unaweza kuthibitisha 641 bila kugawanya kabisa. 641 = 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ ukiigawanya kwa 641 ni sawa na baki ya −1. Inua kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inaacha baki ya 1. Lakini 641 pia ni 5⁴ + 2⁴, maana yake 5⁴ inaweza kubadilishwa na −2⁴. Unabaki na −2³² yenye baki 1, basi 2³² + 1 inagawanyika bila kubaki.

Mpaka leo hakuna namba tasa ya Fermat ya sita inayojulikana. Kuanzia hiyo ya mwaka 1732 na kuendelea, 28 mfululizo zimethibitishwa kuwa si tasa.

12. Kwa nini N ni zao la namba zote tasa za Fermat zinazojulikana?

Ni hesabu ya swali la 4 ikisomwa kinyumenyume. Ukizidisha namba za Fermat kuanzia 3 hadi yoyote ile, jibu ni namba ya Fermat inayofuata, kutoa 2. 3 = 5 − 2. 3 × 5 = 17 − 2. 3 × 5 × 17 = 257 − 2. Na tano zote za kwanza zinatoa 4,294,967,297 − 2, ambayo ni N.

Kwa hiyo namba mbili zozote za Fermat haziwezi kuwa na kigawo tasa cha shirika: kingekuwepo, kingelazimika kuigawanya 2, ilhali zote ni witiri.

13. Programu yangu ya kupima namba tasa inasema 4,294,967,297 ni tasa. Ina hitilafu?

Kipimo ulichochagua ndicho kimedanganywa. Kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2 huuliza kama 2 kwa kipeo cha n − 1 inaacha baki ya 1 ikigawanywa kwa n, yaani namba inayopimwa, na kila namba ya Fermat hukipita, tasa au si tasa. Hata kipimo cha Miller–Rabin, chenye nguvu zaidi, kwa msingi wa 2 peke yake kinapitwa na namba hii.

Tumia misingi mitatu: 2, 7 na 61. Kwa namba zote za chini ya 4,759,123,141 mitatu hiyo ikikubaliana, jibu ni la uhakika. N yenyewe haimdanganyi mtu: kwa msingi wa 2 inaacha baki ya 1,073,741,824 badala ya 1.

14. Ni namba ngapi chini ya N zisizo na kigawo cha shirika nayo?

Punguza 1 kwenye kila kigawo tasa, zidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Zote ni mazao ya 2 matupu, kwa hiyo jumlisha vipeo: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31. Jibu ni 2³¹ = 2,147,483,648, nusu kamili ya N + 1. Na N + 1 nayo ina idadi ile ile, kwa kuwa zisizoshirikiana nayo ni witiri zote za chini yake.

3, 15, 255 na 65,535 zina sifa hii hii ya nusu. Usidhani ni za ukoo huu tu: 83,623,935 = 3 × 5 × 17 × 353 × 929 nayo ina idadi ya 41,811,968, nusu kamili ya namba inayoifuata.

## Rula na bikari

15. Nimesikia kuna umbo la pande 4,294,967,295 linaloweza kuchorwa kwa rula na bikari. Ni kweli?

Ni kweli kinadharia. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa, na pembe zilizo sawa, linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari tu. Kwa jumla, umbo lenye idadi witiri ya pande linachoreka ikiwa idadi hiyo ni zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Gauss aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1801. Kwamba mengine hayachoreki kabisa ilithibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837.

Sasa rudi kwenye orodha ya swali la 7. Ondoa 1. Vigawo 31 vilivyobaki ndivyo idadi zote witiri za pande zinazojulikana kuchoreka: 3, 5, 15, 17, 51 na kuendelea, na kubwa kuliko zote ni N. Pande 9 hazimo kwa sababu 3 imejirudia. Pande 7 hazimo kwa sababu 7 si namba ya Fermat.

16. Kuna aliyejaribu maumbo makubwa?

Umbo la pande 257 lilishughulikiwa na Richelot mwaka 1832. Hermes alitumia takriban miaka kumi kwa pande 65,537, na maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen, Ujerumani.

La pande N halina maana kuchora. Hata ukilitandaza juu ya Ikweta yote, kilomita 40,075 kupitia Kenya, Uganda, Kongo na kuzunguka dunia, kila upande utakuwa na urefu wa milimita 9.3 hivi, na kati ya upande huo na duara halisi kutakuwa na mwanya mwembamba kuliko atomu.

## Kwenye kompyuta na simu

17. Kwa nini programu inanionyesha 4294967295 mahali nilipotarajia −1?

Kompyuta ikitunza namba kwa biti 32 (biti ni nafasi ya tarakimu moja, 0 au 1), kubwa kuliko zote inayoweza kuandikika ni moja 32 zilizopangwa, yaani N. Ukiongeza 1 inarudi 0, kama mita ya gari iliyofika mwisho. Ukitoa 1 kwenye 0 inarudi N. Kwa hiyo −1 na N zimeandikwa kwa biti zile zile, na tofauti iko kwa anayezisoma. Ukiiambia programu kwamba namba hiyo haiwezi kuwa hasi, itasoma N.

Kwenye lugha ya C mitego ni miwili hasa. Sharti `-1 < 1u` linatoka si kweli, kwa sababu −1 inageuzwa N kabla ya kulinganishwa. Na kitanzi kama `for (unsigned i = n; i >= 0; i--)` hakiishi kamwe, maana i haishuki chini ya 0; inaruka hadi N na kuanza upya.

18. Wateja wote kwenye hifadhidata yangu wana namba ya simu moja, 4294967295. Nini kimetokea?

Safu ya simu imewekwa kuwa `INT UNSIGNED`. Kwenye MySQL kikomo chake ni N. Namba ya simu inayoanza na 255 au 254 na kufuatiwa na tarakimu tisa inazidi bilioni 254, hivyo haiingii. MySQL isipokuwa kwenye hali kali haikatai. Inaibana kwenye kikomo na kuendelea. Kama safu ni `INT` ya kawaida utaona 2147483647 badala yake.

Namba zilizokwisha kubanwa hazirudishwi kutoka humo. Itabidi uzipate kwenye chanzo. Badilisha safu iwe `VARCHAR(15)`. Usikimbilie `BIGINT`: itaingiza tarakimu zote, lakini atakayeandika 07 mwanzoni ataipoteza sifuri. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, kwa hiyo ni maandishi.

19. Fleshi ina nafasi ya GB 20 lakini inakataa faili la GB 5. Kwa nini?

Imefomatiwa kwa FAT32, ambayo hutunza ukubwa wa faili kwa biti 32. Faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, hata fleshi ikiwa tupu. Hamisha vilivyomo, kisha ifomati upya kwa exFAT. Kufomati kunafuta kila kitu. Kama fleshi ni ya kuchomeka kwenye runinga au redio ya zamani isiyosoma exFAT, iache FAT32 na ukate faili vipande.

20. Saa za kompyuta zitaishia kwenye namba hii?

Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970. Inayotumia biti 32 na kukubali namba hasi inafika kikomo cha 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Isiyokubali namba hasi inafika N tarehe 7 Februari 2106, saa 3 na dakika 28 na sekunde 15 asubuhi kwa saa zetu.

21. 255.255.255.255 ina uhusiano gani na N?

Ni anwani ya intaneti ya mfumo wa IPv4, nayo ni N yenyewe ikiandikwa kwa mafungu manne ya biti nane. Anwani zote za mfumo huo, kuanzia 0.0.0.0, ni 4,294,967,296. Mafungu makubwa matano ya mwisho yaligawiwa sajili za kanda tarehe 3 Februari 2011, moja likienda AFRINIC inayohudumia Afrika.

## Maswali ya pembeni

22. 1 ÷ N ina desimali inayojirudia kwa urefu gani?

Inaanza 0.00000000023283064370 na kuendelea. Kwa kuwa N ina 5 moja, tarakimu moja ya mwanzo baada ya nukta haimo kwenye mzunguko. Kisha mzunguko wa tarakimu 65,536 unaanza.

Urefu huo unatoka kwa 65,537. Sehemu ya 1 ÷ 17 ina mzunguko wa tarakimu 16, 1 ÷ 257 wa 256, 1 ÷ 65,537 wa 65,536, na 3 inachangia mzunguko wa 1. KDS ya hizo ni 65,536. Kikokotoo cha mkononi hakiwezi kukuonyesha hili. Ukiona "mzunguko" kwenye kioo chake, ni makosa ya kukadiria tarakimu za mwisho.

23. Je, N inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba?

Kwa miwili haiwezekani, kwa sababu ina 3 mara moja tu. Kwa mitatu pia haiwezekani: N ukiigawanya kwa 8 baki ni 7, na hakuna miraba mitatu inayojumlika kuwa hivyo. Minne inatosha kwa namba yoyote nzima, jambo lililothibitishwa na Lagrange mwaka 1770. Kwa N:

65,535² + 362² + 5² + 1² = 4,294,967,295

Ukitafuta nyingine, anza na mraba mkubwa unaoingia, kisha hakikisha kwamba kinachobaki kikigawanywa kwa 8 hakiachi 7. Hapa kilichobaki ni 131,070, baki yake 6, ndiyo maana kilikubali kugawika kwa mitatu.

24. Na ile hesabu ya punje kwenye ubao wa sataranji?

Ukiweka punje 1 kwenye mraba wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, ukafika nusu ya ubao, umeweka punje N. Tukikadiria punje moja ya ngano kuwa miligramu 25, hizo ni takriban tani 107, yaani magunia ya kilo mia yapatayo 1,074. Shehena hiyo ghala la kawaida la mazao linaibeba.

Nusu ya pili haibebeki. Ubao mzima ni 2⁶⁴ − 1 = 18,446,744,073,709,551,615, nayo kwa tofauti ya miraba ni N × 4,294,967,297. Vigawo vyake tasa ni vitano vya N pamoja na viwili vya Euler: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417, vyote mara moja moja, kwa hiyo vigawo vyote ni 128.